Neno la kusimamisha mchezo ni la nani?

Mchezo ukishaanza, mwenye neno la kuusimamisha awe mtu mmoja tu, naye awe msimamizi wa jukwaa. Asiwe mfadhili, asiwe mwongozaji, asiwe aliyeshika kamera. Hilo ndilo ninaloliomba kwa mashirika yanayoleta michezo ya kuigiza katika vijiji vya Fizi, kwa viongozi wa makundi yetu, na kwa ofisi ya utamaduni ya jimbo la Kivu ya Kusini. Naomba pia liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu huku kwetu jambo lisiloandikwa hufa siku mgeni anaposhuka garini.

Naandika haya nikiwa mwanamke aliyeishi na kazi hii tangu ujana. Niliianza kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwenye kundi la vijana lililocheza michezo kuhusu ndoa za mapema na maji machafu. Wenzangu waligombania nafasi za kucheza. Mimi nilipewa daftari kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na sikuwa mwepesi wa kusahau. Mwaka 2005 meli za UNHCR zilipoanza kuwarudisha Wakongo kutoka Kigoma hadi Baraka, zamu yetu ilifika na sisi tukavuka ziwa. Tulikuta viwanja vya wazazi wetu vimeota majani marefu, lakini uwanja wa mpira ulikuwepo, na mtu akipiga ngoma pale watu walikuja. Kundi likaanza upya, na daftari likabaki kwangu.

Huku sisi wasimamizi wa jukwaa tunaitwa rejisere, na wengi wanamjua rejisere kama mtu wa mizigo. Ni kweli mizigo ni yangu: bashi la kukingia jua, mikeka, ngoma, bidoni, nguo za wachezaji, ndoo ya maji yenye klorini ya kunawia mikono, maana Baraka ni mji ambao kipindupindu huurudia, na hatuwezi kukusanya mamia ya watu kisha tuwaache wapeane mikono hivihivi. Lakini mizigo ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kila aliyekuja uwanjani, mchezaji na mtazamaji, anarudi kwake mzima na heshima yake haijaguswa.

Inaanza na uwanja wenyewe. Hapa Baraka ziwa liko mashariki na milima ya Mitumba iko magharibi. Tukicheza saa tisa alasiri, nawaweka wachezaji upande wa ziwa. Watazamaji wanaligeuzia jua mgongo na wanaona vizuri, na upepo unaopanda kutoka majini unachukua sauti za wachezaji na kuwapelekea watu. Hatuna vipaza sauti vya kutosha, kwa hiyo upepo huo ni mali. Fizi-Centre, kule juu, upepo hugeuka upendavyo, na hapo natafuta ukuta wa shule au wa kanisa wa kuwaegemeza wachezaji. Mwongozaji anaweza kuchora mchezo mzuri sana katika chumba cha mazoezi, na ukaharibika kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia neno hata moja.

Tarehe nayo haipangwi ofisini. Katika vijiji vya wavuvi, Swima, Mboko, Sebele, hadi Kazimia, naangalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya shirika. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti. Siku hizo wanaume wako nyumbani, wanashona nyavu, wana nafasi ya kukaa na kusikiliza. Ukienda usiku wa giza la mwezi, kesho yake utawakuta wamelala, na akina mama wako mchangani wakianika samaki kabla jua halijawa kali. Mama aliyeacha ndagala wake waoze ili aje kuelezwa habari za amani hatakusikiliza, na ana haki.

Kisha kuna kupiga hodi. Tunafika kwa chefu wa kijiji kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Ukianzia kwa mwanajeshi, chefu atakuwa ameshajua kabla hujafika mlangoni kwake, na mchezo umekwisha hapo. Naketi nikiambiwa niketi. Nasema mimi ni nani, mtoto wa nani, tumetoka wapi: "Mzee, tumekuja kwako kuomba uwanja." Naeleza mchezo wote kwa maneno machache, mwanzo wake na mwisho wake, bila kuficha pale panapouma. Nauliza kama kuna msiba kijijini. Kukiwa na kilio, ngoma hailii. Tunakwenda kuwapa pole wafiwa na tunarudi wiki nyingine, hata kama mafuta ya gari yameshalipwa. Nauliza pia uwanja ni wa nani, na kama kuna mahali ambapo wazee hawapendi pakanyagwe. Baada ya chefu ndipo tunakwenda polisi, kisha kwa komanda wa kikosi kilichopo, tukiwa na karatasi ya misheni yenye mihuri yote.

Kwa komanda nakwenda na gunia. Ndani ya gunia zimo silaha zetu za mchezo. Ni vipande vya mbao tu, tumevipaka rangi nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na havina umbo la bunduki kamili. Kuna mwongozaji aliyewahi kunilalamikia kwamba mti mwekundu hauogopeshi. Mtazamaji wa Fizi hahitaji kuogopeshwa na mti. Ukimwambia huyu ana bunduki, anaelewa, na pengine anaelewa kuliko wewe. Bunduki ya mbao iliyochongwa vizuri, ikionekana kutoka mbali na mlinzi mwenye usingizi, inaweza kumuua kijana wangu. Kwa hiyo navihesabu mbele ya komanda, navihesabu kabla ya mchezo, na navihesabu tena tukifunga mizigo, mtoto wa kijiji asije akabaki na kimoja. Sare ya jeshi hatuigusi kabisa. Anayecheza mwanajeshi anafunga kitambaa cha kijani begani, inatosha.

Filimbi nimeipiga marufuku. Katika majumba ya michezo ya Ulaya kuna mwiko wa zamani wa kupiga mluzi jukwaani, na inasimuliwa kwamba chanzo chake ni mabaharia waliofanya kazi ya kuvuta kamba za mapazia na kupeana ishara kwa mluzi. Aliyepiga mluzi ovyo angeweza kuangushiwa mzigo kichwani. Sisi hatuna mapazia wala kamba, ila tuna sababu yetu. Katika miji na vijiji vya Kivu filimbi na masufuria yanayogongwa usiku ni mwito kwamba wezi au wenye silaha wameingia. Siwezi kupuliza kitu hicho katikati ya umati wa watu waliowahi kukimbia na watoto mgongoni. Ishara zetu zote ni za ngoma, na mpiga ngoma anakaa mahali ambapo jicho lake na jicho langu vinaonana muda wote.

Ngoma ina ishara moja ambayo kila mchezaji anajifunza siku ya kwanza, kabla hajapewa maneno ya kusema. Mapigo mawili mazito, kisha kimya. Wakisikia hivyo, wachezaji wote wanaketi chini pale pale walipo. Hawakimbii, hawaulizi. Mtu aliyeketi hagombani, na umati ukiona wanaopigana jukwaani wameketi ghafla, nao hutulia, angalau kwa muda wa kutosha jokeri, yaani yule anayesimama kati ya jukwaa na watu, kuzungumza. Hilo ndilo neno la kusimamisha ninalolizungumzia. Liko mikononi mwangu, kwa desturi ya kundi letu. Ninachotaka ni litambuliwe na wanaotulipa.

Msomaji aliyezoea mchezo wa jukwaani au wa televisheni atauliza: ni hatari gani hiyo inayohitaji ishara kama hizo? Ajue kwamba michezo inayochezwa Fizi kwa sehemu kubwa ni ya kushirikisha watazamaji. Njia hii ilitungwa na Mbrazili Augusto Boal miaka ya 1970, na huku mashariki mwa Kongo ilienezwa hasa katika miaka ya 2000 na Search for Common Ground, kupitia Centre Lokole, ambao waliandika hata kitabu cha mafunzo. Nami nawashukuru, maana ilitufaa. Mchezo unafika penye ugomvi mkali na unakatwa. Jokeri anauliza: "Nani angefanya vingine?" Mtazamaji anainuka, anavaa kitambaa cha mchezaji mmoja, anachukua nafasi yake, na mchezo unaendelea akiwa ndani.

Kwa hiyo nusu ya mchezo wetu inachezwa na watu nisiowajua. Sijui kama aliyeinuka amekunywa. Sijui kama ana kisasi. Chukua mchezo tuliocheza mara nyingi kuhusu ng'ombe na mashamba. Kiangazi, wafugaji Banyamulenge hushuka na ng'ombe kutoka nyanda za juu kutafuta majani upande wa Ngandja na Lulenge. Zamani palikuwa na itulo, zawadi ambayo mfugaji alimpa mkuu wa ardhi kwa ajili ya malisho, na kulikuwa na maneno ya kupatana kabla ng'ombe hawajafika. Vita vililivuruga hilo. Ng'ombe wakila mihogo ya mtu, ugomvi wa shamba moja unageuka kuwa wa makabila mawili kabla ya jioni. Tunaucheza hivyo hivyo ulivyo. Siku moja mkulima aliinuka kutoka kwenye watazamaji kuchukua nafasi ya mkulima wa mchezo, na panga lake la kweli lilikuwa mkononi, kwa sababu alikuwa ametoka shambani na hakufikiri kuliweka chini. Jokeri alikuwa amemgeukia mzee mwingine. Mwongozaji alikuwa anatabasamu, kwa sababu hatimaye mtu alikuwa ameinuka. Aliyeliona panga ni mimi. Ngoma ikapigwa mara mbili, wachezaji wakaketi, nikamwendea yule baba na kumwambia, "Baba, nikuwekee panga lako hapa kwangu, utalikuta." Akanipa bila neno, kwa mikono miwili. Mchezo ukaendelea, na alicheza vizuri kuliko wote: alimwita mfugaji wakakae kwa chefu kwanza kabla ya kuhesabu mihogo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wakati wa mchezo kila mtu ana kitu kinachomshika macho. Mwongozaji anaangalia kazi yake. Jokeri anaangalia mkono ulioinuliwa. Mchezaji yuko ndani ya nafsi nyingine. Mgeni wa shirika anaangalia kama fedha zake zimezaa kitu cha kuonyesha. Msimamizi wa jukwaa ndiye pekee anayelipwa kuangalia pembeni: kijana anayesogea, mama anayejifunika uso, gari lililosimama barabarani bila kuzima injini. Mwenye kuona ndiye apewe neno.

Katika majumba makubwa ya michezo hili halibishaniwi. Usiku wa kwanza ukifika, mwongozaji anakabidhi mchezo na kwenda kuketi. Kuanzia hapo taa, mapazia na watu wote jukwaani wanamsikiliza msimamizi. Ufaransa, kwa desturi ya zamani, ni yeye anayegonga sakafu ya jukwaa kwa gongo kabla ya pazia kufunguliwa. Kazi ya mtu huyo tumeirithi Kongo nzima. Cheo chake ndicho hatukukipokea.

Sasa nieleze kilichonisukuma kuandika. Shirika moja, ambalo silitaji, lilitupa kazi ya kucheza kuhusu ubakaji katika kijiji kimoja cha barabara ya kuelekea Fizi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa msichana aliyekwenda kuteka maji. Tendo hatulionyeshi kamwe. Anaondoka na bidoni, ngoma inanyamaza, anarudi bila bidoni na hasemi. Ndugu zake wanaanza kuulizana maneno, na hapo ndipo watu wanaalikwa kuingia. Visa vyote tunavyocheza tunavitoa kwa watu, tukavichanganya na kubadilisha kijiji, umri, hata idadi ya watoto, ili asiwepo mtu wa kusema "huyu ni fulani". Hiyo ni sheria ya daftari langu: majina, mito na vilima vya kweli havitamkwi.

Wageni walichelewa. Tulianza bila wao kwa sababu chefu na watu walikuwa wameketi juani, na mimi nina saa yangu ya kuondoka ambayo siibadilishi kwa mtu. Walifika katikati. Wakaomba turudie pale msichana anaporudi, ili mpiga picha asogee karibu. Wakaomba mchezaji wetu alie akiangalia kamera. Mwongozaji alisita, na sikumlaumu. Mkataba wa msimu mzima ulikuwa kwenye mkono ule ule uliokuwa unaelekeza kamera. Kisha mgeni akamwambia mkalimani aulize watu, kwa sauti, kama mwenye kisa chenyewe yuko hapa leo, na kama angekubali kusema maneno machache.

Umati mzima uligeuza vichwa. Watu walianza kutafutana kwa macho. Katika kijiji kila mtu anajua, au anadhani anajua. Nikaona mama mmoja wa mstari wa pili akimvuta binti yake chini ya kikwembe. Sikungoja. Mapigo mawili, wachezaji wakaketi. Nikamwendea chefu kwanza, nikamwambia mchezo umefika mwisho na tunamshukuru. Nikamwomba yeye mwenyewe awaage watu. Kwa mgeni nilisema kwa heshima, nikiwa nimesimama mbele ya kamera, kwamba kazi ya leo imekwisha. Alikasirika. Msimu uliofuata kazi ilikwenda kwa kundi lingine.

Tuliyoyaona Baraka yanatosha kutufundisha. Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa hapa hapa mjini kusikiliza kesi ya ubakaji uliofanyika Fizi usiku wa mwaka mpya, na luteni kanali akahukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake walikuja kutoa ushahidi, baadhi yao wakiwa wamejifunika nyuso. Mahakama ilihitaji ukweli ulionyooka, wenye jina la aliyetenda, na hata hivyo waliotendewa walisitiriwa. Mchezo wa kuigiza hauhitaji jina la mtu yeyote. Sasa kwa nini usitiri wake uwe mwepesi kuliko wa mahakama?

Kuna wenzangu waongozaji wanaonipinga, na ninawaheshimu. Wananikumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nakubaliana nao moja kwa moja. Mazoezini nahodha ni mwongozaji, na pale mimi sina neno kuhusu uchezaji. Simwambii mchezaji aseme kwa huzuni au kwa hasira. Akiniuliza, namrudisha kwa mwongozaji, hata kama nina maoni. Hiyo ni adabu ya kazi, na msimamizi anayeivunja hafai. Ila ngoma ya kuanza ikipigwa, usukani unabadilisha mkono, mpaka ngoma ya kumaliza. Chombo kinabaki na nahodha mmoja.

Wengine wanasema msimamizi mwoga atasimamisha mchezo kila mbwa akibweka. Hofu hiyo ina haki yake. Dawa tuliyoiona ni daftari. Kila nikisimamisha, naandika saa na sababu, na jioni ile ile, kabla ya chakula, nawasomea wote. Wanaruhusiwa kunibishia, na wananibishia kwelikweli. Mtu anayejua atasomwa mbele ya wenzake hatumii neno lake ovyo.

Kuhusu daftari lenyewe, niseme kidogo. Wageni wakiliomba wanategemea kukuta maneno ya mchezo, na hawayakuti. Michezo yetu ya Kiswahili huku Kongo haikuzaliwa kwenye karatasi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililopendwa redioni na kwenye televisheni, lilijenga michezo yake kwa kuzungumza na kujaribu. Mchezo wao wa mwaka 1986 kuhusu methali ya kwamba mamlaka huliwa mazima ulianza kwa watu kukaa na kuulizana methali hiyo ina maana gani. Kila siku maneno yanabadilika. Kwa hiyo siandiki maneno. Naandika nani anaingia na kutoka upande gani, ameshika nini, kitu hicho kinarudi kwa nani, ngoma inasikika wapi, na kwenye ukurasa wa mwisho, maneno yasiyosemwa katika kijiji hiki. Ukurasa huo naujaza baada ya kuongea na chefu na akina mama, kila kijiji na wake.

Na kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye taarifa yoyote ya shirika, lakini ndiyo yanayolifanya kundi lidumu. Mabinti wanabadilisha nguo nyuma ya bashi lililofungwa pande zote nne, na mimi nimesimama mlangoni. Tukilala safarini, naijua nyumba watakayolala kabla sijaijua ya kwangu. Fedha za usafiri nazisoma kwa sauti, jina na kiasi, kila mtu asikie cha mwenzake. Minong'ono ya fedha imeua makundi mengi kuliko vita. Mchezaji wa Kibembe na wa Kinyamulenge wanapanda gari moja na wanakula sahani moja kabla ya mchezo, palipo wazi, watu wa kijiji wakiwaona. Saa kumi na moja na nusu tuko barabarani. Mchezo uliochelewa kuanza unakatwa, haurefushwi. Ndiyo maana mgeni aliyechelewa hawezi kuwa na neno juu ya saa: yeye ana gari refu lenye bendera, sisi tuna barabara ya Fizi inayotiwa giza na milima mapema.

Wanaosomea kazi za jukwaa huenda Institut National des Arts kule Kinshasa, au huvuka kwenda Bagamoyo. Kijana wa Lulimba au Mboko hana njia hiyo. Hapa mtu hujifunza kwa kusimama kando ya mwenzake. Nina kijana mmoja ninayemfundisha, na swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini katika bajeti wachezaji na mwongozaji wana mstari wao, na rejisere amewekwa pamoja na bashi na mafuta. Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, kazi za nje zimepungua na watu waliokimbia wameongezeka, na uwanjani siku hizi naona sura nyingi za wageni wenye machungu mapya. Umati wa namna hiyo unahitaji jicho la pembeni kuliko wakati wowote, na jicho hilo lilipwe kama jicho lingine lolote la kundi.

Mstari ninaoutaka kwenye mikataba ni huu: "Kuanzia ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, msimamizi wa jukwaa peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kusimamisha, kufupisha au kufuta mchezo kwa ajili ya usalama na heshima ya watu waliopo, na kundi halitanyimwa malipo wala kazi inayofuata kwa sababu hiyo. Hakuna picha itakayopigwa bila idhini yake." Kundi letu lote limeusoma na kuukubali, na waongozaji wawili wa makundi jirani wameniomba nakala. Mkataba wa kiangazi utakapoletwa, nitautafuta mstari huo kabla ya kutafuta kiasi cha fedha, na nisipouona nitamrudishia mleta karatasi bila sahihi.